Mlimani Ndiko Klabu Hujulikana

Watu wengi hujiunga na klabu ya baiskeli wakitafuta wenzao wa kupiga nao soga njiani. Soga zipo, tena tamu. Lakini kinachotufanya twende kwa kundi badala ya kila mtu kushika njia yake ni hewa. Kwenye barabara tambarare, mwendesha baiskeli anayekwenda kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa kwa kifua. Na hewa ina hesabu kali. Ukitoka kilomita 25 kwa saa kwenda 30 umeongeza mwendo kwa asilimia 20 tu, ila nguvu ya kuipasua hewa imepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Ndiyo maana mtu mwenye miguu imara, akiwa peke yake, hukaza na kukaza na bado mwendo ukabaki pale pale.

Sasa mweke mtu huyo nyuma ya mgongo wa mwenzake, gurudumu lake la mbele likilifuata kwa karibu la nyuma la mwenzake. Kazi inapungua kwa robo, wakati mwingine hata theluthi. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walipima hewa inavyopita katika kundi la waendesha baiskeli 121, wakitumia kompyuta na handaki la upepo. Waliokuwa katikati kabisa walikabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani ambao mtu angekutana nao akiwa peke yake kwa mwendo ule ule. Sisi wa wikendi hatuendi watu 121, wala hatubanani kama wale wa mashindano. Hata hivyo kanuni ni ile ile: aliye mbele analipa, walio nyuma wanapata nafuu, na baadaye wanabadilishana.

Mimi naipenda sana sehemu hii ya mchezo wetu. Iko michezo michache ambayo mwenye nguvu anaweza kumpa mwenzake nguvu zake kwa maana halisi ya neno, zikamfikia miguuni.

Safari ya kundi hufaulu au kuharibika kabla haijaanza, pale watu wanapokusanyika asubuhi na kiongozi anatangaza njia. Anataja umbali, anataja sehemu za kusubiriana, halafu anataja mwendo. Hapo kwenye mwendo ndipo pa kutega sikio. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema tutakwenda kilomita 24 kwa saa kwenye tambarare na kusema wastani wa safari utakuwa 24. Wastani unahesabu milima, kona, makutano na njia mbovu. Kundi linalotaka kurudi na wastani wa 24 katika nchi ya vilima litalazimika kukimbia 30 na zaidi kila barabara inaponyooka. Mgeni aliyezoea kuendesha 24 nyumbani kwake, akaja kwa imani hiyo, ataachwa kabla jua halijapanda vizuri. Hajadanganywa na mtu yeyote, lakini amepewa namba ambayo hana namna ya kuitafsiri. Kiongozi mwema husema yote mawili: mwendo wa tambarare na muda tunaotegemea kurudi.

Ukaguzi wa baiskeli huchukua dakika chache tu. Breki zikamate, magurudumu yasichezecheze, tairi lisiwe na mpasuko ubavuni, cheni isilie. Tyubu ya akiba, viinua tairi, pampu. Kofia ngumu kichwani. Basi, tunaondoka.

Tukishatoka mjini, barabara hupungua upana na magari hupungua pia, na kundi linatulia katika safu mbili. Hapo huanza kusikika lugha ya kundi. Aliye mbele anaona kila kitu. Wa tano haoni chochote isipokuwa mgongo ulio mbele yake, kwa hiyo macho ya wa kwanza ni lazima yafike kwa wa mwisho. Kidole kikielekezwa chini, kuna shimo upande huo. Mkono ukipungwa nyuma ya kiuno, sogeeni, kuna kitu pembeni: gari lililoegeshwa, mtu anayetembea, tawi lililoanguka. Kiganja kikiinuliwa juu, tunasimama. Na sauti zinafuata: “Shimo!” “Kokoto!” “Gari nyuma!” “Gari mbele!” Kila mmoja analipokea neno na kulipitisha. Likikatikia katikati kwa sababu mtu mmoja amezama kwenye mazungumzo, walio nyuma yake wanaendesha gizani mchana kweupe.

Wapya hudhani ishara hizi ni za adabu, namna ya kuonyesha kwamba wewe ni mwanachama. Ukweli ni kwamba ndizo zinazotuwezesha kukaa karibu kiasi cha kugawana upepo. Bila kuaminiana kwamba shimo litatajwa, kila mtu angeacha nafasi kubwa mbele yake, na nafuu yote ingepotea ndani ya nafasi hizo. Kwa sababu hiyo hiyo hatukanyagi breki ghafla, hatuyumbi kukwepa jiwe dakika ya mwisho, wala hatuachi gurudumu la mbele lipishane na la nyuma la mwenzetu. Magurudumu hayo mawili yakigusana, wa mbele mara nyingi huendelea na safari. Anayeanguka ni wa nyuma.

Zamu ya mbele ndiyo kipimo cha kwanza cha tabia. Mtu amekaa nyuma kwa muda, miguu imepumzika, anahisi ana nguvu za simba. Zamu yake inafika, anatokeza kwenye upepo, na jambo la kwanza analofanya ni kuongeza kilomita tatu kwa saa. Yeye haoni ubaya wowote, anajihisi anatoa mchango. Lakini kundi ni refu, na nyongeza ile haimfikii kila mtu kwa wakati mmoja. Wa pili anakaza kidogo kuziba pengo, wa tatu anakaza zaidi, na habari inapofika kwa wa mwisho anakimbia kwa nguvu zake zote ili tu asibanduke. Mbele wakipunguza, mkia unapiga breki, kisha unakimbizwa tena. Mtu anaweza kumaliza safari nzima namna hiyo, akitumia nguvu nyingi kuliko kiongozi, huku kila mtu akidhani amebebwa.

Kwa hiyo klabuni kwetu tunasisitiza jambo moja kwa kila anayepokea zamu: tazama mwendo ulioukuta, uendeleze huo huo. Ukiwa na nguvu za ziada, kaa mbele muda mrefu zaidi. Ongeza dakika, usiongeze kasi. Na aliyechoka hana sababu ya kuona haya. Anatokeza mbele, anapiga kanyagio chache, anampisha mwenzake na kurudi nyuma. Hata zamu fupi kama hiyo ni zamu kamili, kwa sababu imelinda mpangilio.

Upepo wa ubavuni hubadilisha hesabu. Kivuli cha hewa, yaani ile sehemu iliyokingwa na upepo, hakiko tena nyuma ya mgongo, kimesogea upande, na anayejua hukifuata akakaa kidogo pembeni mwa aliyemtangulia. Wanariadha wa mashindano, wakiwa wamefungiwa barabara, hujipanga mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwenye barabara ya watu wote hatuwezi kufanya hivyo, na klabu inayojaribu inahatarisha maisha ya watu wake. Tunajigawa vikundi vidogo vya wanne au watano, tunaacha nafasi ya gari kupita kati ya kikundi na kikundi, na tunakubali kwamba siku hiyo tutachelewa.

Halafu unakuja mlima, na kila nilichosema hadi sasa kinageuka.

Chukua mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80. Mpandishe mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Atatumia karibu wati 175 kuuinua uzito huo, na hewa itamdai kama wati 5 tu. Kivuli cha mgongo wa mwenzake, kilichomfaa sana bondeni, sasa hakimpi karibu chochote. Kila mtu amebaki na mapafu yake na uzito wake. Safu mbili zinachanika, mazungumzo yanakatika, wepesi wanapotelea kwenye kona ya juu na wazito wanabaki chini wakisikiliza pumzi zao.

Mbabe wa klabu, hata awe na moyo mkubwa kiasi gani, hawezi kumkatia mtu upepo mahali ambapo upepo haupo. Bondeni unaweza kuwa mwema bila kukusudia, kwa sababu mgongo wako unamsaidia aliye nyuma hata kama humjali. Mlimani wema huo wa bure unakoma. Ndiyo maana nikitaka kuijua klabu sihangaiki kutazama inavyopendeza kwenye tambarare. Naitazama inapopanda, na zaidi ya hapo naitazama inapofika kileleni.

Kila klabu husema inasubiri. Lakini kuna kusubiri kwa aina mbili. Katika aina ya kwanza, wenye kasi wanafika juu, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanapoa kabisa. Wa mwisho anatokeza, uso umemwiva, na papo hapo mtu anasema, “Haya, tumetimia, twende!” Wote wanaondoka. Aliyehitaji mapumziko kuliko wote ndiye aliyepata machache kuliko wote, na waliopumzika zaidi ni wale ambao hawakuchoka. Rudia hivyo milima mitatu, minne, na mtu huyo ataisha nguvu hata kama alikuwa na uwezo wa kuumaliza umbali ule akiachwa aende kwa mwendo wake. Kisha watasema ni dhaifu.

Katika aina ya pili, muda wa mapumziko huanza kuhesabiwa wa mwisho anapofika. Anateremka, anakunywa, anakula kama anahitaji kula, pumzi inarudi mahali pake, na yeye ndiye anayesema yuko tayari. Tena haulizwi mbele ya watu wote kama yuko salama, kwa sababu watu waliochoka wakiulizwa hadharani hujibu “salama” hata wakiwa hoi. Mmoja humsogelea na kuongea naye pembeni. Na kwenye mteremko unaofuata tunaondoka polepole, maana mteremko nao hutenganisha: mzoefu anaachia breki, mwoga anazishika, na kundi lililosubiriana juu linaweza kuachana tena kabla ya kufika chini.

Wepesi wanaoona kusubiri kunawapoza miguu wana dawa yao, nayo ni kugeuza. Wakifika juu wanateremka tena hadi kwa wa mwisho, wanapanda naye. Wamepata mazoezi maradufu, naye amepata mtu wa kwenda sambamba naye. Nawaheshimu mno watu wa namna hii. Ila wapande kimya au waongee wao peke yao. Mtu anayehema hana pumzi ya kujibu maswali.

Msaada mwingine wa mlimani ni wa chuma. Gia nyepesi, ile ambayo meno ya mbele na ya nyuma yanakaribiana idadi, humwezesha mtu kuzungusha miguu badala ya kuikandamiza. Zamani jambo hili lilikuwa la kupigania. Paul de Vivie, Mfaransa wa Saint-Étienne aliyeishi kati ya 1853 na 1930 na kujulikana kwa jina la Vélocio, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi watu kwamba baiskeli ya safari inahitaji gia zaidi ya moja. Waliompinga waliona gia ni za wanyonge. Waandaaji wa mashindano ya Tour de France hawakuziruhusu gia za kubadilisha kwa kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Vélocio huyo huyo aliwashauri wasafiri wale kabla ya kuona njaa na wanywe kabla ya kuona kiu, na akawaonya wasiendeshe kwa ajili ya majivuno. Sijapata kusikia ushauri bora zaidi kwa safari ya Jumamosi.

Suala la kwenda pamoja au kuachana lina umri mrefu kuliko klabu zetu zote. Huko Uingereza chama cha wasafiri wa baiskeli kiliundwa mwaka 1878, wakati gurudumu la mbele lilikuwa bado kubwa la kutisha na tairi la upepo la Dunlop halijabuniwa. Mwaka 1897 Waitalia 12 walitoka Roma hadi Napoli, kilomita 230, kati ya mapambazuko na machweo, na kutokana nao likazaliwa jina la audax, yaani jasiri kwa Kilatini, linalotumika kwa safari ndefu za namna hiyo. Mwaka 1904 Henri Desgrange, yule aliyeanzisha Tour de France, aliupeleka mtindo huo Ufaransa ukiwa na kanuni ya kundi moja chini ya manahodha wa njia. Baadaye, mwaka 1921, wafuasi wa mtindo huo walifarakana, na upande mmoja ukachagua mwendo huru, kila mtu na miguu yake, almradi afike ndani ya muda uliowekwa.

Mitindo yote miwili ingali hai, na wafuasi wa mwendo huru nawaelewa kabisa. Kuna siku mtu anataka kupimana na njia bila kumsubiri mtu. Lakini wale wa kundi, ambao hadi leo huenda kwa kilomita 22.5 kwa saa na manahodha wao wakizuia mtu yeyote asiwatangulie, walielewa kitu ambacho klabu nyingi za wikendi hukisahau: mwendo wa kundi ni makubaliano. Hauamuliwi na mwenye miguu mizuri kwa sababu tu amejikuta mbele.

Nimetaja tairi la upepo, na nje ya mji ndiko unakojua thamani yake. Lami inaisha bila taarifa, vumbi na changarawe vinaanza. Watu wa baiskeli za mbio waliamini kwa miaka mingi kwamba tairi jembamba lililojazwa mpaka likawa gumu ndilo linalokimbia. Siku hizi wengi wetu tumehamia milimita 28, 32 na zaidi, na upepo pungufu. Kwenye njia mbaya, tairi gumu humrusha mtu juu badala ya kumsogeza mbele, na mitikisiko hiyo hula nguvu. Tukiingia kwenye changarawe tunaachiana nafasi, mikono inalegea kwenye usukani, uzito unarudi nyuma kidogo, na breki ya mbele inaguswa kwa staha.

Wanyama nao wana haki yao ya njia. Mifugo ikivuka, tunasimama na kusubiri mchungaji atupe ishara. Farasi akiwa mbele, tunasema kitu kwa sauti ya kawaida tukiwa bado mbali, kwa sababu baiskeli haina mlio na mnyama aliyeshtuliwa kutoka nyuma ni hatari kwa aliyempanda. Pia tunasalimia watu. Watu ishirini waliovaa nguo za rangi kali wakipita mlangoni pako bila kunena neno, wanaonekana kama jeshi. Wakisalimia, ni wageni.

Pancha haikosi. Anayepata anapaza sauti, kundi linajitoa barabarani kabisa, lote, wala hatubaki tumezagaa kwenye kona. Wawili wanashughulika, wengine wanakula. Kabla ya kuingiza tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, maana mwiba uliotoboa ya kwanza bado uko pale ukiingoja ya pili. Na mwenye pancha asiombe radhi. Sitaki kumsikia mtu akiomba radhi kwa mwiba.

Chakula tunakikumbushana kwa sauti, hasa wapya. Akiba ya sukari iliyo misulini na kwenye ini hutosha kazi ngumu ya saa moja na nusu hadi mbili hivi, na safari zetu huzidi hapo. Ikiisha, hali haiji kama uchovu wa kawaida. Mikono inatetemeka, mtu ananuna, anaacha kujibu, anakosa kona rahisi. Gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza wakati tumbo bado linasema halihitaji, huzuia haya yote. Ukimwona mwenzako aliyekuwa mchangamfu amekuwa kimya, usimpe moyo kwa maneno. Mpe kitu cha kula.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na klabuni naliona hilo kila anapokuja mtu mpya. Tunamweka nafasi ya tatu au ya nne kutoka mbele, mahali ambapo upepo umepungua na mitikisiko ya mkia haimfikii, na ubavuni mwake mtu mtulivu. Ghafla ishara zinatolewa kwa ukamilifu, zamu zinapokelewa bila papara, vilele vinasubiriwa ipasavyo. Waliokuwa wameanza kulichosha kundi kwa kasi zao wanarudi kwenye mstari. Safari inakuwa nzuri kwa kila mtu, pamoja na wale wenye nguvu ambao wangeapa kwamba mgeni atawachelewesha.

Kwa hiyo kama unafikiria kujiunga na klabu iliyo karibu nawe, usiulize kwanza wanaendesha baiskeli za aina gani, wala usitishwe na nguo zao. Muulize kiongozi nani anaendesha wa mwisho leo ili asiachwe mtu nyuma. Akikujibu kwamba hakuna, kila mtu anajijua, mshukuru na utafute kundi jingine. Akikuonyesha mtu kwa kidole, mtu mwenye pampu, tyubu mbili za akiba na miguu iliyo na uwezo wa kuwa mbele kabisa, jaza maji chupa zako na uende nao.